Gunia la Mchele wa Harusi

Katika nyumba ya bibi yetu, Ngamiani, Tanga, uvivu ulihesabiwa kosa zito kuliko uwongo. Mwongo alisutwa, akaomba radhi, yakaisha. Mvivu aliandamwa. Bibi aliamka kabla ya adhana ya alfajiri, akafagia ua mpaka kizingitini kwa jirani, na jua lilipotoka lilikuta maandazi yamekwisha kuumuka, kuku wamefunguliwa na kila mtu mzima ana kitu mkononi. Asiye na kazi alishika ufagio akapita nao. Kuonekana umeketi kabla ya saa nne asubuhi kulihitaji sababu, na Bibi alizikubali sababu mbili tu: kunyonyesha na kufiwa.

Haya ni ya miaka ya mwanzo ya 2000. Akaletwa kwetu binti wa miaka 14, mjukuu wa kaka yake Bibi, kutoka kijiji kimoja cha Muheza, kwenye mashamba ya michungwa. Alikuwa amefaulu kuingia kidato cha kwanza na shule ilikuwa karibu na kwetu. Alishuka kwenye basi na begi dogo, kikapu cha machungwa, na viatu vya shule vilivyofungwa katika gazeti. Viatu hivyo alivivaa kwenda shule tu. Akirudi alivifuta, akavifunga tena, akatembea pekupeku alivyozoea shambani. Bibi alimsifu mbele ya wajukuu wote kwa kutunza vitu. Baada ya hapo ilipita miezi kabla ya kusifiwa tena.

Ilianza na nazi. Mama Mkubwa alimkalisha kwenye mbuzi akune nazi za wali wa mchana. Hata kifuu cha kwanza hakijaisha, binti akasimamisha mkono, akakishika kifua, macho chini. Alipoulizwa akajibu, "Napumzika, mama." Mama Mkubwa hukuna nazi za shughuli nzima huku anaimba na kugombeza watu wawili kwa wakati mmoja. Alibaki ameduwaa. Zikafuata ndoo. Kutoka bombani mpaka jikoni ni hatua chache za uani, lakini binti aliitua ndoo katikati ya njia akachuchumaa kando yake. Yakafuata maharage. Aliachiwa sufuria ayachungulie, akalala ameegemea ukuta wa banda la jiko, na moshi ukawa umekwisha kufika barabarani ndipo alipogutuka. Maharage yalimwagiwa kuku, na kuku wakayakataa. Tangu siku hiyo kaka zangu wakamwita Kobe. Hakukasirika, hakujibu, na jina likamkaa mpaka Bibi mwenyewe akawa analitumia: "Kobe, nipe hiyo kata."

Shuleni nako ikaja barua. Mwalimu aliandika kwamba mtoto analala darasani, kwamba kwenye mchezo anakaa chini ya mwembe, na kwamba wazazi wazungumze naye.

Tulizungumza naye. Nyumba yetu haikuwahi kukosa wa kuzungumza. Mama Mkubwa alisema kitinda mimba huyu ameharibiwa na kudekezwa. Mama yangu alisema ni umri, atakua. Jirani wa mkono wa kulia alisema aangaliwe, huenda ana mwenziwe. Bibi alisema ameyatoa kwa upande wa mama yake, watu wa kukaa. Kila mmoja alikuwa na dawa, na dawa zote zilikuwa moja: kazi iongezwe. Akaamshwa mapema zaidi, akapewa ua mzima kufagia, akanyimwa kukaa na wenzake jioni mpaka vyombo viishe. Alivyoongezewa ndivyo alivyozidi kuwa mzito, na uzito huo ukawa ushahidi mpya dhidi yake.

Hakuwa mvivu peke yake pale nyumbani. Alikuwapo Mjomba. Tanga ya miaka ya 1970 ilikuwa mji wa viwanda, kuanzia chuma na mbolea mpaka saruji na sabuni, na Mjomba aliajiriwa kijana katika kimojawapo. Vingi vikafungwa miaka ya 1980 na 1990, chake kikiwamo. Tangu hapo, kila asubuhi alinywa chai, akavaa shati lililopigwa pasi, akatoka kwenye kibaraza, na kabla chai haijashuka tumboni kidevu kilikuwa kimeshaangukia kifuani. Alilala hapo mpaka adhuhuri. Wacheza bao walicheza pembeni yake wakipiga kelele zao, naye analala. Mama Mkubwa, dada yake wa tumbo moja, akipita alisema kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara kwamba nyumba hii imejaaliwa magunia mawili, moja la barazani na moja la jikoni.

Wakati huo huo nyumba ikaanza kupungua. Ukuta wa banda la jiko ulikuwa wa udongo, na ukaanza kuliwa mahali pamoja, usawa wa bega la mtu aliyeketi. Kwanza kilikuwa kishimo cha kidole, kisha cha ngumi. Tukasema ni kuku. Kuku wakafungiwa, ukuta ukaendelea. Tukasema ni mbuzi wa jirani, na maneno yakawa makubwa hata salamu zikakatika kati ya nyumba mbili. Mbuzi aliuzwa kwa sababu zake nyingine, shimo likaendelea.

Halafu mchele. Harusi ya binti wa mwisho wa Mama Mkubwa ilikuwa imekaribia, na mchele wa walima ulikwisha kununuliwa ukawekwa stoo, magunia juu ya mbao, midomo imeshonwa kwa uzi wa katani. Siku moja Mama akakuta uzi wa gunia moja umelegea na punje zimetapakaa chini. Panya, tukasema. Kaka yangu mkubwa akanunua mtego wa chuma, akautega gizani nyuma ya gunia, akausahau, kesho yake akaingia kutafuta jembe. Kidole gumba cha mguu wake kilivimba wiki nzima. Panya hatukumwona hata mmoja.

Sasa nifike kwenye usiku wenyewe. Wiki zile maji yalitoka usiku tu, na shughuli haifanyiki bila maji. Mtu alitakiwa akeshe uani, ahamishe mpira kutoka pipa hili hadi pipa lile, na yakijaa yote afunge bomba. Kaka zangu walijitolea. Mama Mkubwa akakataa: akeshe Kobe, ajifunze kubeba jambo. Akapewa kigoda, taa ya chemli na khanga ya kujifunika, akakesha usiku kadhaa bila neno.

Ua wetu ulipigwa sakafu ya saruji baada ya nyumba kujengwa, kwa hiyo uko juu kidogo kuliko stoo na vyumba vya nyuma. Hilo hatukuwahi kuliwaza.

Usiku ule, karibu na saa kumi, Bibi aliamka atawadhe. Akashusha mguu kitandani kutafuta ndara, mguu ukaingia majini hadi kwenye kifundo. Mtaa mzima ulisikia: "Jamani, bahari imeingia!" Kaka yangu mkubwa, aliyelala na hofu ya wezi wa mchele, alitoka na panga, akateleza ukumbini, panga likaenda upande wake na yeye upande wake, shukuru Mungu. Mdogo wake akamkanyaga kidole kile kile. Ndara, makubazi, ungo na kikapu cha mkaa vilikuwa vinaelea kuelekea mlango wa mbele. Bibi harusi mtarajiwa alisimama juu ya kitanda amekumbatia sanduku la doti zake za khanga, analia kwa sauti moja isiyokatika. Kuku waliruka juu ya magunia. Mama Mkubwa aliamrisha watu wakinge, wafagie, wabebe, wasimame, yote kwa pamoja. Bomba lilikuwa bado linamwaga. Mama yangu ndiye aliyekumbuka kwenda kulifunga.

Hapo bombani akamkuta binti. Alikuwa ameegemea pipa, mpira umelala mapajani mwake, maji yanamchuruzika mwilini, na hakuwa ameamka. Makelele yale yote hayakumwamsha. Mama Mkubwa alimshika mkono akamwinua. Akasimama, akayumba, akakaa tena mle mle majini. "Samahani, mama," alisema, kisha akanyamaza.

Kulipokucha kikao kilikaa ukumbini, sakafu bado imelowa. Mama Mkubwa alizitaja hatia zote tangu nazi ya kwanza. Magunia mawili yalikuwa yamenyonya maji chini. Godoro moja halikufaa tena. Mjomba, ambaye hakuzoea kusema vikaoni, akasema, "Maji niliyasikia tangu saa nane. Nilidhani mtoto anajaza."

"Uliyasikia ukalala!"

"Sikulala."

Kikao kililiruka neno hilo kikaenda kwenye mchele. Ilibidi uanikwe kabla haujachacha, kwa hiyo magunia yakafunguliwa, na Bibi, aliyekuwapo wakati wa kununua, akaupima kwa pishi wakati unamwagwa kwenye mikeka. Gunia lililolegea uzi lilipunguka kwa kiasi ambacho hakuna panya angekiweza. Macho ya ukumbi mzima yakageuka upande mmoja. Binti hakukana. Ikawa sasa ni mvivu na mwizi, na kaka yangu akatumwa kuulizia basi la Muheza la mchana. Begi lake lilifungwa na Mama Mkubwa mwenyewe.

Aliyeokoa siku ile ni mkunga mstaafu wa nyumba ya tatu, tuliyemwita Bi Mkunga, mwanamke aliyewapokea duniani nusu ya watoto wa mtaa wetu. Alikuja kusaidia kuanika mchele. Akakaa kwenye mkeka, anachambua, anapiga soga. Binti aliwekwa mkeka wa pembeni achambue mawe mpaka muda wa basi ufike. Bi Mkunga akamwona anachota gao la mchele ule mbichi, wenye maji na uchafu wa stoo, anautia kinywani na kuutafuna taratibu, macho yako mbali.

Hakupiga kelele. "Njoo hapa, mwanangu. Nitazame."

Akamvuta ukope wa chini. Ndani palikuwa peupe kama tui. Akakifungua kiganja cha binti akakiweka kando ya chake, tukaona sote tofauti ya rangi. Akamuuliza kwa sauti ya chini kama akipanda ngazi anausikia moyo masikioni. Anausikia hata akikaa. Kama amevunja ungo. Ndiyo, tangu mwaka jana, na siku zake ni nyingi. Kama anatamani udongo. Hapo ndipo alipolia kwa mara ya kwanza tangu aje kwetu. "Ule wa ukuta wa jikoni una harufu ya mvua," akasema. "Nikiusikia siwezi kuuacha. Na mchele nao hivyo hivyo."

Bi Mkunga akamgeukia Bibi. "Dada, mtoto huyu hana damu. Anatembea kwa kuwaogopa nyinyi tu."

"Hana damu wapi?" Mama Mkubwa akadakia. "Anakula sahani mbili!"

"Anakula, na waliomo tumboni wanamla yeye. Hii ni safura. Watu wa shamba wote wanaijua. Mfungulieni begi, tumpeleke akapimwe."

Kwenye kituo cha afya walimtoboa kidole, wakapima na choo. Binti wa umri ule anatakiwa awe na damu isiyopungua gramu 12 kwa kipimo chao. Yeye alikuwa na 6 na kitu. Choo kilijaa mayai ya minyoo ya safura. Mganga aliuliza huyu mgonjwa amefikaje pale. Mama akajibu kwamba amekuja kwa miguu. Mganga aliweka kalamu chini akatutazama mmoja mmoja, kisha akaandika barua ya kumpeleka hospitali, na huko akalazwa.

Nimesoma mengi juu ya mnyoo huyu tangu hapo, na kadiri ninavyosoma ndivyo ninavyozidi kuumia. Mayai hutoka na choo cha mtu kisichofukiwa. Yakipata udongo wenye unyevu na kivuli, kama ule wa chini ya michungwa, huanguliwa kwa siku moja au mbili, na baada ya wiki moja hivi kiluwiluwi kinakuwa tayari kusubiri mguu. Hakihitaji kidonda wala kumezwa. Arthur Looss, mtafiti wa Kijerumani aliyefanya kazi Cairo mwishoni mwa karne ya 19, aliligundua hilo pale maji yenye viluwiluwi yalipomdondokea mkononi. Ngozi ikamwasha, na baadaye akakuta mayai katika choo chake mwenyewe. Kutoka kwenye ngozi kiluwiluwi hufuata damu mpaka mapafuni, hupanda kooni kwa kikohozi, humezwa, na hatimaye hujishikiza kwenye utumbo mwembamba na kuanza kunyonya. Mnyoo mmoja wa aina ya Necator hunyonya damu kidogo mno kwa siku, takribani sehemu 3 za mililita iliyogawanywa mara 100. Lakini huweza kuishi humo kwa miaka, na hakai peke yake. Binti alikuja kukumbuka kwamba kila masika kule kwao vidole vya miguu vilimwasha mpaka usingizi ukakatika, akaona ni desturi ya mvua. Damu ya mwezi ilipoanza, kilichobaki kikapungua zaidi. Mwili uliokosa madini chuma ndio uliotafuta udongo na mchele mbichi, ingawa udongo haukuweza kuurudishia kitu.

Na hukumu aliyopewa na nyumba yetu ilikwisha kutolewa ng'ambo ya bahari miaka 100 nyuma. Kusini mwa Marekani, maskini wa mashambani walidharauliwa kwa vizazi kwamba ni watu wa kulala, wenye nyuso zilizopauka, wanaokula udongo. Mwaka 1902 mtaalamu wa minyoo Charles Wardell Stiles alionyesha kwamba safura imeenea huko, na gazeti moja la New York likauita ugonjwa ule kijidudu cha uvivu. Mwaka 1909 John D. Rockefeller alitoa dola milioni 1, ikaundwa tume iliyozunguka majimbo 11 ikipima watu na kuwapa dawa ya wakati ule, thimoli ikifuatwa na chumvi ya kuharisha. Karibu watoto 4 kati ya kila 10 waliopimwa walikuwa na minyoo. Waliotibiwa waliinuka wakaenda shule na shamba. Walikuwa watu wale wale, ila sasa wana damu. Nikifikiria mahubiri mangapi yalikwisha kuhubiriwa juu ya vichwa vyao kabla mtu mmoja hajatazama choo chao, nakosa amani.

Sisi tulikuwa na yetu karibu zaidi. Jioni moja hospitalini Bibi aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha binti, akawa anamkanda miguu, ambayo ilikuwa imevimba kidogo. Akasita. Akaibonyeza kwa kidole gumba, akatazama kishimo kilivyobaki. Kisha akatuambia habari ambayo hata watoto wake hawakuwa wameisikia.

Baba yake alikata mkonge wakati wa Waingereza. Zao hilo liliingia nchini mwaka 1893, likaifanya Tanga yote nchi ya mashamba makubwa, na tangu awali mashamba hayo yalilalamikia uvivu wa watu wetu. Wajerumani walipotawala, huko milima ya Usambara, waliwahi kuweka kadi iliyomlazimu mwanamume kumfanyia mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Waingereza walipokuja, kazi ya mashambani iliendelea kuhesabiwa kwa kipande, kadi ya siku 30, na siku usiyomaliza kazi uliyopimiwa haikupigwa alama. Kadi ya baba yake Bibi haikujaa kwa wakati. Wenzake wakipokea mshahara, yeye bado ana siku za kumalizia. Msimamizi alimwita mvivu mbele ya watu, na neno likamtangulia nyumbani. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, Bibi alisema, na miguu ilivimba hivi hivi, ukibonyeza kinabaki kishimo. Akirudi alikaa chini kwenye kizingiti kabla hajaufikia mtungi wa maji. Mama yake Bibi naye alimwita vile vile alivyoitwa shambani. Baba huyo alikufa Bibi akiwa msichana mdogo, na watu wa mazikoni walikuwa na la kusema.

"Nikaapa hakuna wa kwangu atakayeitwa hivyo," akasema. Aliendelea kumkanda binti miguu. Mama Mkubwa, aliyekuwa amesimama na kikapu cha chakula, alikaa sakafuni.

Kwa hiyo ule ufagio wa alfajiri, uliotutesa utoto wetu wote, ulikuwa na kaburi nyuma yake. Namhurumia Bibi kwa hilo kama ninavyomhurumia binti. Mtu anayewaandama wengine kwa uvivu mara nyingi anakimbia kitu, na hakuna aliyemwambia kwamba anaweza kusimama.

Harusi ilifanyika. Mchele ulikaushwa ukapikwa pilau, na hakuna mgeni aliyelalamika. Binti alitolewa hospitali siku chache baadaye na vidonge vya minyoo ameshakunywa na vya kuongeza damu vya kuendelea navyo kwa miezi. Bi Mkunga aliipanga nyumba: kisamvu, dagaa, maini yakipatikana, machungwa baada ya chakula, chai iwekwe mbali na sahani kwa sababu inazuia madini yasiingie mwilini, na viatu, viatu, viatu. Mama Mkubwa alikwenda sokoni Mgandini akamnunulia ndara za plastiki, akamvalisha mwenyewe. Ukuta wa jiko ulizibwa kwa udongo mpya, na hakuna aliyeugusa. Kabla ya muhula wa pili kwisha, Kobe alikuwa anakuna nazi bila kusimama, tena anagombana na kaka zangu juu ya jina hilo, kwa sauti kubwa, kitu ambacho hakuwahi kuwa na nguvu za kukifanya.

Hadithi ingeweza kuishia hapo na kila mtu akaridhika. Mimi sikuridhika, kwa sababu ya swali moja. Je, kama choo chake kingekutwa safi? Kama ukope wake ungekuwa mwekundu? Begi lilikuwa limeshafungwa. Tulimhurumia kwa sababu alileta karatasi ya maabara, na karatasi ile ilitufanya tuone haya. Lakini mtoto aliyekuwa amekaa chini katikati ya ua kando ya ndoo alistahili kuulizwa ana nini siku ile ile ya kwanza, iwe jibu lingekuwa minyoo, huzuni, kukumbuka kwao au kuchoka tu. Kuulizwa hakugharimu kitu.

Na kweli, Mama Mkubwa, pamoja na machozi yake yote ya hospitalini, alirudi nyumbani akapita barazani akasema, "Wa mtoto ulikuwa ugonjwa. Wa huyu ndio uvivu wenyewe." Mjomba alikuwa amelala, kidevu kifuani.

Binti alimsikia. Alikuwa anaosha vyombo, akainua kichwa. "Lakini mama, Mjomba halali usiku."

"Nani kakwambia?"

"Nilipokuwa nakesha bombani nilisikia redio yake mpaka alfajiri. Kila usiku. Anaizima watu wakianza kuamka."

Tukabaki tunatazamana. Tumeishi naye nyumba moja, ukuta kwa ukuta, na aliyejua ni mgeni aliyekuwa hana damu.

Bibi ndiye aliyemuuliza, jioni hiyo, tena mbele yetu sote. Hakumuuliza kwa nini. Alimuuliza, "Mwanangu, usingizi umekwenda wapi?" Mjomba alichukua muda mrefu kujibu. Alisema kwamba tangu ujana alifanya zamu ya usiku, akazoea kulala mchana. Kiwanda kilipofungwa alijaribu kulala usiku kama watu. Anapofumba macho anasikia kimya cha mashine zilizosimama, na kimya hicho kinamwamsha. Ilikuwa hivyo usiku wa kwanza na ilikuwa hivyo mpaka leo. Alfajiri watu wakianza kutembea, kelele zinamtuliza, na usingizi unamjia pale barazani akiwa ameshavaa shati la kwenda kutafuta kazi. Alishakwenda kuomba, miaka ya mwanzo. Aliacha kwenda baada ya kusinzia mbele ya watu waliomwita kumhoji.

"Mbona hukusema?" Mama Mkubwa aliuliza, na sauti yake haikuwa ile ya barabarani.

"Nilisema, dada. Siku ya mafuriko nilisema sikulala."

Sitaki kudai kwamba kuulizwa kulimponya. Alianza kwenda hospitali, akapewa dawa akaziacha, akapewa nyingine, na kuna majira alikaa siku nzima hasemi na mtu. Kazi ya ajira hakuipata tena. Lakini bomba la uani likawa lake. Alikaa hapo usiku kucha na redio yake, sasa bila kuificha, akajaza mapipa yetu, kisha ya jirani wa mbuzi, kisha ya nyumba za nyuma ambazo hazina mtu wa kukesha, na wenyewe wakawa wanamletea chochote walichonacho, samaki, nauli, sigara. Hakumwaga maji hata mara moja.

Mchana alilala kama kawaida. Wiki moja hivi baada ya mazungumzo yale, asubuhi, wacheza bao walikuwa wamepamba moto barazani, kete zinapigwa kwa vishindo, kila mtu anadai amekula. Bibi akatoka ndani na ufagio wake, wakanyamaza wakidhani anakuja kumwamsha mwanawe kama ilivyokuwa desturi. Akauchukua ubao wa bao, ukiwa na kete zake, akawakabidhi.

"Chezeeni kwa jirani," akawaambia. "Hapa kuna mtu amelala."